Mwenye Kengele Hauzwi

Watu wa ranchi walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri, na yeye aliitika bila kuuliza undugu huo ulianzia wapi. Kazi yake ilikuwa kuswaga ng'ombe. Usinitolee macho, waswagaji wanawake wapo, ila hawatangazwi. Kazi yenyewe ni hii: unawatoa ng'ombe kwenye malisho ya ranchi, huko nyuma ya milima, unawavusha juu, unawateremsha upande wa pili mpaka kwenye zizi la mizani ambako malori yanawasubiri. Barabara haifiki ranchi. Kwa hiyo ng'ombe anatembea kwa miguu yake na mswagaji kwa yake, na kumbuka ng'ombe ana minne.

Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe kwanza. Aliifanya tangu ujana, njia ile akiijua jiwe kwa jiwe, mpaka siku fahali mmoja mwenye hasira zake alipombana kwenye ukuta wa zizi akamvunja nyonga. Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya, akawa mtu wa kitandani na wa kiti kilicho karibu na kitanda. Meneja wa ranchi alikuja kumjulia hali, akatoa pole zake zote, na kabla chai haijapoa akauliza sasa ataswaga nani. Mke akasema, mimi. Alisema hivyo kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kusema, wala si kwa ushujaa, na hata baadaye watu walipomsifu kwa ushujaa alikuwa akikereka. Akapewa fimbo ya mumewe, koti la mvua la mumewe, na ng'ombe wa mumewe.

Huyo ng'ombe ndiye habari yenyewe, kwa hiyo niacheni nimweleze vizuri. Kundi haliswagwi kwa fimbo peke yake. Wewe ukiwa nyuma unapiga kelele mpaka koo likauke, walio mbele hawajui waende wapi. Lazima awepo jike mmoja mzee anayeijua njia, atangulie, wengine wamfuate. Anavaa kengele shingoni ili hata kwenye ukungu wasikie aliko. Anateremka nao mpaka kwenye mizani, na anaingia wa kwanza kwenye kile kijia chembamba cha mbao, maana asipoingia yeye haingii mwingine. Hapo mlinzi wa lango anamfungulia mlango wa pembeni, anatoka zake, na wenzake wanaendelea mbele, wanapanda lori. Yeye anarudi nyumbani na mswagaji. Ukiifikiria sana ni kazi ya usaliti kidogo, lakini ng'ombe haifikirii. Sheria ya waswagaji kuhusu jike huyo haijaandikwa popote na kila mtu anaijua: mwenye kengele hauzwi.

Wa kwao aliitwa Bi Mkubwa. Mama yake alikufa akimzaa, mume akamchukua ndama akamlea jikoni kwa chupa, karibu na moto, na ilikuwa mwaka ule ule alipooa. Walioana wakiwa watu wazima wote wawili, kila mmoja na uchovu wake. Bibi harusi anaingia nyumbani na begi lake, anamkuta ndama keshatandikiwa gunia mahali pazuri kuliko yeye. Akasimama mlangoni akasema, kumbe nimeolewa mke wa pili na sikuambiwa. Mume akacheka mpaka akakaa chini, na jina likamganda ng'ombe. Miaka yote hiyo utani haukuisha. Chai ikichelewa, mzee anasema Bi Mkubwa asingenifanyia hivi. Na mke anajibu, basi mwambie akupikie yeye.

Sasa, mwaka ninaousimulia, mambo yalikuwa yanabadilika. Huko bondeni matingatinga yalikuwa yanakata mlima, na meneja alikwisha sema kwamba msimu ujao malori yatapanda yenyewe mpaka ranchi. Hakuna atakayeswaga tena. Meneja hakuwa mtu mbaya, alitaka kuwaaga vizuri, akamuuliza mzee kitandani pale angependa apewe nini kwa kazi yake na ya mkewe. Mzee hakusita. Alimtaka Bi Mkubwa. Meneja akashangaa, maana jike lile lilikuwa limekula chumvi nyingi, halina maziwa wala nyama ya maana, akasema hilo tu, mchukue, akishateremsha kundi la mwisho ni wako.

Asubuhi ya kuondoka, mzee alimshika mkewe mkono. Si kawaida yake. Alimwambia:

"Nirudishie Bi Mkubwa mzima. Sikuombi kingine. Umsikilize yeye anavyotembea, usimkimbize."

"Nitamrudisha," mke akasema.

"Sema tena."

Akasema tena, huku akifunga kamba za viatu, akidhani ni ile deko ya wagonjwa. Wifi yake, dada wa mzee, alikuwa keshafika na kikapu chake kuja kumwangalia mgonjwa, na alikuwa anagonga sufuria jikoni kuonyesha kwamba yupo. Shangazi akatoka.

Tuseme ukweli: alikuwa amechoka kabla hajaanza. Kwa miaka aliyoifanya kazi ile alikuwa anaifanya mbio. Anawateremsha ng'ombe kwa haraka ambayo mumewe angeilaani, anageuka bila hata kukausha soksi, anapanda tena usiku na mchana, kwa sababu nyumbani kuna mtu asiyeweza kujigeuza kitandani na wifi mwenye mkono mzito. Safari iliyotangulia alirudi na homa, akaanguka kwenye kizingiti cha jikoni na begi mgongoni, wakamvuta ndani kama gunia la viazi. Alipopona hakulizungumzia, na mumewe hakuuliza, na wote wawili wakajifanya kwamba limepita. Magoti yalikuwa yanamlia kila akishuka ngazi. Kifua kilikuwa kinabana kwenye kila mpando. Lakini nani wa kumwambia? Mwenye nyonga iliyovunjika?

Mwenzake wa safari alikuwa mwanamume waliyemwita Kimya, na waliomwita hivyo walikuwa wanamkejeli, maana mdomo wake haukuwa na kitasa. Yeye alikaa nyuma ya kundi, akizungumza na mikia ya ng'ombe. Shangazi alitembea mbele na Bi Mkubwa. Kati yao palikuwa na migongo na pembe na vumbi, na siku za kwanza hawakuonana ila wakati wa kupika chai.

Bi Mkubwa alikuwa mzee kweli safari hii. Alikuwa anatembea kidogo, anasimama, anatazama mbele kwa muda, kana kwamba anajadiliana na mlima, kisha anaendelea. Zamani Shangazi angempiga kikofi cha paja. Sasa alikuwa ameahidi. Akisimama Bi Mkubwa, Shangazi anasimama. Akila nyasi, Shangazi anakaa juu ya jiwe. Akilala mchana kucheua, kundi zima linalala, na Shangazi anaegemea ubavu wake wenye joto na kufunga macho. Kimya alikuja mbele mara moja kuuliza kama kuna tatizo, akaambiwa tatizo hakuna, tunakwenda polepole tu. Akasema kwa mwendo huu matingatinga yatatukuta njiani. Akaambiwa yakitukuta tutayasalimia.

Na njia ile, jamani, aliyoipita miaka yote, ikawa kama hajawahi kuiona. Kwenye malisho ya juu nyasi zilikuwa ngumu, za rangi ya chai ya rangi, upepo ukizilaza upande mmoja. Kuta za mawe za mazizi ya zamani zilikuwa zimelala mlimani, nyingine zimebomoka, na wachungaji wa ranchi za jirani walipita mbali juu ya farasi wao, wakanyanyua kofia bila kusogea karibu. Alisikia maji chini ya mawe mahali alipokuwa akidhani ni pakavu. Aliona kwamba kile kibanda cha mawe walichokuwa wakilala kina dirisha. Dirisha! Alikuwa ameingia humo gizani na kutoka gizani miaka nenda rudi. Alikaa dirishani asubuhi na kikombe chake mpaka jua lilipoyeyusha umande ulioganda, kwa sababu Bi Mkubwa alikuwa hajanyanyuka bado. Aliona haya kidogo kupata starehe ile wakati kuna mtu amelala nyumbani anamsubiri. Lakini ni kwa ajili ya ng'ombe, alijiambia, mimi sina langu hapa.

Uchovu wenyewe haukuondoka. Uchovu wa aina ile hauondoki kwa kukaa juu ya jiwe. Ila ulibadilika, ukaacha kumsukuma, ukawa unamvuta chini tu, polepole, na jioni alipovua viatu miguu ilikuwa imevimba hata alama za kamba zikabaki.

Walifika kwenye upenyo, ule mwanya kati ya vilele viwili, ukungu ukiwa umeshuka mpaka magotini. Mvua nayo ilikuwa imewanyeshea tangu siku iliyotangulia. Hapo Bi Mkubwa akasimama na akakataa kusogea. Shangazi akamsogelea kumpapasa shingo, na mkono ukarudi na unyevu wa joto. Akainama. Ukanda wa ngozi wa kengele ulikuwa umelowa, umekaza, umesugua ngozi ile ya kizee mpaka ikachubuka. Kidonda kilikuwa cha ukubwa wa kiganja. Na ng'ombe alikuwa ametembea nacho bila kusema, kwa sababu ng'ombe hasemi.

"Pole, mke mwenzangu," Shangazi akamwambia.

Akaufungua ukanda. Angeweza kuitia kengele begini, na laiti angefanya hivyo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini walikuwa kwenye upenyo, pembeni kuna korongo, na kundi likiwa kwenye ukungu bila sauti ya kufuata hutawanyika, wengine wakaishia chini kwenye mawe. Pale ubavuni mwa Bi Mkubwa alikuwapo mtamba mmoja mwekundu, ng'ombe wa kuuzwa kama wengine, aliyependa kutembea karibu na bibi mzee. Shangazi akamfunga kengele yule. Akampaka Bi Mkubwa mafuta ya mgando kwenye kidonda. Bi Mkubwa akatembea, mtamba akatembea naye bega kwa bega, kengele ikalia, kundi likafuata, upenyo ukavukwa salama. Tukikaribia mizani nitairudisha, alijiambia. Alitaka pia kumwambia Kimya. Lakini Kimya alikuwa nyuma kabisa, kumfikia ni kupita katikati ya kundi lote kwenye tope, na ukimwambia neno moja anakurudishia mia. Magoti yakakataa. Atamwambia jioni. Jioni walifika wamelowa, kuni zilikuwa mbichi, wakalala bila chai, na neno lenyewe likalala pia.

Mteremko ndio uliommaliza. Mpando unakata pumzi, lakini mteremko unakula magoti, na kokoto za upande ule zinateleza. Walipoingia kwenye nchi tambarare ya ranchi za chini, penye nyaya za fensi na barabara ya vumbi iliyogeuka tope, Shangazi alikuwa anatembea kwa sababu ng'ombe wanatembea, si kwa kingine. Mvua haikukata. Zizi la mizani likatokea mbele na mabati yake, malori yakiwa yamepanga foleni, injini zinanguruma.

Mlinzi wa lango waliyemzoea, yule aliyemjua Bi Mkubwa kwa sura, alikuwa amestaafu. Huyu alikuwa mpya, mtu mstaarabu, nguo zake safi hata kwenye mvua ile. Alimwona mama mtu mzima anakuja kwenye tope anachechemea, akamkimbilia, akampokea fimbo na begi, akampeleka kwenye kibanda chake, akamwekea kiti. Kiti chenye mto. Akampa chai ya moto. Akasema:

"Mama, kaa. Kuingiza ng'ombe ni kazi yetu. Na sheria ya mwenye kengele naijua, usiwe na wasiwasi, nitamtoa pembeni."

Shangazi alikumbuka kengele pale pale. Nataka mlielewe hilo, hakuwa amesahau. Alikumbuka, na akasema moyoni, nipige mafunda mawili ya chai, nipashe vidole joto nipate kufungua ule ukanda, halafu niende. Nje Kimya alikuwa bado anawasukuma wa mwisho barabarani. Muda upo. Mvua ikapiga mabati. Mto wa kiti ulikuwa laini. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kaa, hii si kazi yako, tangu siku fahali alipomvunja mumewe nyonga. Akapiga funda la kwanza.

La pili hakulipiga. Alipofumbua macho kikombe kilikuwa bado mkononi, chai imepoa, na mlinzi amesimama mlangoni anatabasamu.

"Tumemaliza, mama. Mwenye kengele wako yuko nje salama."

Akatoka. Nje ya mlango wa pembeni alisimama mtamba mwekundu na kengele shingoni, anatazama huku na huku, hajui kwa nini yeye ameachwa.

Asiyekuwapo na lake halipo, wanasema, lakini huyu alikuwapo. Alikuwa hatua chache tu, ndani ya kibanda, na kikombe mkononi.

Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye lori la kwanza, lile lililokuwa linawaka taa tayari kuondoka, akapanda juu ya tairi akachungulia katikati ya mbao. Bi Mkubwa alikuwa mbele kabisa, ukutani kwa dereva, kwa sababu aliingia wa kwanza kama alivyoingia wa kwanza maisha yake yote. Nyuma yake wamebanwa wengine mpaka mlangoni. Mlinzi alikuwa amefanya kazi yake sawasawa: jike bila kengele limepita mbele, mtamba mwenye kengele ametolewa pembeni. Umlaumu kwa lipi? Shangazi alimtafutia kosa akalikosa. Akapitisha mkono kwenye mbao akamgusa shingo, chini ya kidonda. Bi Mkubwa alikuwa anacheua. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa anasubiri mlango wa pembeni.

Dereva alishuka, akamsikiliza. Shangazi alimwambia, "Nishushie huyo mmoja. Huyo wa mbele."

"Mama, huyo wa mbele ndiye wa mwisho kushuka," dereva akasema. "Nikimtoa huyo natoa wote. Na daraja likizidiwa na maji, tunabaki huku wote na ng'ombe wanakufa humu ndani."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na macho mekundu, naye alikuwa hajalala. Mlinzi, alipoelewa kilichotokea, alishika kichwa, akatoa simu yake akampigia meneja, akampa Shangazi aseme mwenyewe. Shangazi akaeleza. Meneja, huko aliko, akacheka kwa upole. Akasema Shangazi, hilo nalo ni la kukutia simanzi? Yule jike amekwisha, huyo mtamba ni kijana, atakuzalia. Mchukueni huyo badala yake, mmepata faida, nisalimie mzee. Simu ikakatika.

Angewaambia nini? Kwamba amemwacha mke mwenzake kwenye lori? Kimya alikuwa amefika, mara hii hana neno, akamtazama kama anayesubiri amri ya kulala mbele ya magurudumu. Angelala, nadhani. Shangazi akatazama foleni ya malori nyuma, ng'ombe wakilia ndani, maji ya kahawia yakipita barabarani. Akashuka kwenye tairi. Lori likaondoka, na kwa muda mrefu alisimama na fimbo ya mumewe, akihisi tu jinsi miguu inavyouma. Kilio kilikataa kuja, na hilo lilimtia hofu zaidi.

Kurudi kulikuwa kurefu kuliko kwenda. Sasa hakukuwa na ng'ombe mzee wa kumsubiri, angeweza kukimbia kama zamani, na hakukimbia. Mtamba hakuijua njia ya kurudi, alivutwa kwa kamba, akakaidi kila kijito. Kimya, alipopata tena ulimi wake, alitoa shauri, na lilikuwa shauri la kirafiki. Mwambie mzee amekufa njiani, alisema, amelala kwenye upenyo hakuamka, uzee tu. Hilo litamuuma kidogo na litapita. Lakini ukimwambia amepelekwa machinjioni kwa sababu ya kiti na chai, utamwua. Shangazi alilichukua shauri lile akatembea nalo, akaligeuza huku na huku, na kadiri nyumba ilivyokaribia lilizidi kuonekana zuri. Walipoagana njia panda, Kimya akamshika bega akasema, fikiria.

Alifika mchana, jua limetoka. Alimfunga mtamba kwenye mti wa fensi, na mtamba akatikisa kichwa, kengele ikalia. Kutoka ndani ya nyumba akasikia sauti ya mumewe, sauti ya furaha ambayo hakuwa ameisikia tangu nyonga ivunjike, ikimwambia wifi: amekuja, amekuja, umemsikia, si nilikwambia! Shangazi alisimama uani, mkono ukiwa kwenye kamba. Mzee wa watu hawezi kunyanyuka aje dirishani. Angeweza kuamini mpaka kesho kwamba aliyerudi ni Bi Mkubwa. Angeweza, wallahi, kuamini hivyo mpaka mwisho wake.

Aliingia. Wifi akamtazama uso, akachukua kikapu chake akatoka bila kuulizwa. Shangazi akakaa kwenye kile kiti cha karibu na kitanda, koti limekauka tope mwilini, akasema yote. Hakuanza na uzee wala ukungu. Alianza na kiti chenye mto. Akasema nilikumbuka, nikakaa, nikalala. Akasema nilimvua kengele mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu ya kidonda. Akasema alikuwa ametulia, anasubiri afunguliwe.

Mzee alilia. Alimlilia ng'ombe wake, hakuficha, machozi yakimwingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Aligeuzia uso ukutani, na mke akabaki anatazama kisogo chake chenye mvi, akisubiri neno lolote, hata tusi. Tusi lingekuwa afadhali.

Mzee alisema, bado akitazama ukuta:

"Mlilala pale kibandani?"

"Tulilala. Asubuhi tulikaa mpaka jua likapanda."

"Na kwenye mpando ulipumzika?"

"Kila aliposimama nilisimama. Si uliniambia?"

"Homa hukupata."

"Sikupata."

Mzee akageuza uso. Macho yalikuwa mekundu, na alimtazama mkewe kutoka kichwani mpaka kwenye viatu.

"Ningekuambia wewe upumzike, ungepumzika?" akasema. "Ungekubali, halafu ungekimbia. Nilikuona ulivyoanguka pale jikoni, nikashindwa kunyanyuka kukushika. Nikajua safari moja zaidi ya namna ile, nazika. Ndiyo maana nikakuomba ng'ombe. Nilijua kwa ajili yake utasimama."

Shangazi alitaka kumuuliza kama ni kweli, kama alilipanga hilo tangu siku ile alipomshika mkono, au ni maneno ameyatunga pale pale ili kumtua mkewe mzigo. Mumewe alikuwa na uwezo wa yote mawili. Lakini swali lilikuwa refu, na hatimaye kile kilio kilikuwa kimeanza kumpanda kifuani. Mzee akasogea, kwa shida, akiuma meno kwa ajili ya nyonga, mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mmoja. Shangazi akajilaza humo na koti na viatu vyake vya tope, juu ya shuka alizozifua mwenyewe kabla ya kuondoka, na hakuna aliyemwambia avue.